Maandishi ya kale katika makumbusho: picha nzuri peke yake haitoshi

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Makumbusho mengi sasa yamo katika kazi ya kuweka mikusanyo yao mtandaoni. Vitu vyenye maandishi ya kale, yaani mabamba ya mawe, vibao vya udongo, vigae vilivyoandikwa kwa wino na nguzo za kumbukumbu, hupigwa picha kwa utaratibu uleule unaotumika kwa vyungu, shanga na silaha: taa mbili mbele, kitambaa cha kijivu nyuma, picha moja ya uso, kazi imekwisha. Hoja ninayoileta ni kwamba utaratibu huo hautoshi. Chungu kikionekana vizuri pichani, mtazamaji amekwisha kupata sehemu kubwa ya alichokihitaji. Lakini jiwe la maandishi linaweza kuonekana vizuri kabisa na bado likawa halisomeki. Na hata pale linaposomeka, msomaji wa baadaye atataka kujua ni herufi zipi zilionekana kwa macho na zipi zilijazwa kwa kukisia. Kumbukumbu ya kidijitali isiyomwezesha mtu huyo kukagua usomaji wa waliomtangulia ina thamani ndogo, hata iwe na picha ya kupendeza kiasi gani.

Nianze na mwanga, kwa kuwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Herufi iliyochongwa kwenye jiwe kwa kawaida haina rangi tofauti na jiwe lenyewe. Tunaiona kwa sababu ukingo mmoja wa mchongo unapata mwanga na ukingo wa pili unabaki kivulini. Taa mbili zikiwekwa mbele, vivuli vyote hufutika na mchongo wenye kina kidogo hupotea machoni. Ndiyo sababu wasomaji wa maandishi ya kale wana desturi ya kuweka taa ubavuni mwa jiwe, chini kiasi kwamba mwanga unapita ukiparaza uso wake. Hapo michongo hujitokeza ghafla, lakini taa moja ya ubavuni nayo ina hila yake: huifichua michongo inayoukata mwanga na kuificha ile inayolala sambamba nao. Taa ikitoka kushoto, mistari mitatu ya mlalo ya herufi E inaweza kufifia na ule wa wima ukabaki peke yake, na mtu akasoma I bila kusita. Picha hiyo haidanganyi kwa makusudi, ila inatoa ushahidi wa upande mmoja, na anayeitazama kwenye skrini hana namna ya kuihamisha taa.

Mbinu inayolitatua tatizo hili kwa gharama ndogo ni ile inayojulikana kwa kifupi chake cha RTI (Reflectance Transformation Imaging), yaani picha zinazomwezesha mtazamaji kuihamisha taa. Chimbuko lake ni kazi ya Tom Malzbender na wenzake katika maabara za kampuni ya Hewlett-Packard, iliyochapishwa mwaka 2001, na mwaka 2005 ilitumika kusoma maandishi yaliyokuwa yakionekana kwa shida kwenye vipande vya mtambo wa Antikythera, chombo cha gia cha Wagiriki wa kale. Kamera hufungwa juu ya stendi ya miguu mitatu na haiguswi tena mpaka mwisho. Kando ya jiwe, ndani ya fremu ya picha, huwekwa gololi nyeusi inayong'aa, au mbili. Mpiga picha hupiga picha nyingi, mara nyingi kati ya 24 na 60 au zaidi, na kila picha taa huwa mahali pengine, kama mtu anayechora kuba kulizunguka jiwe. Kamba iliyofungwa kwenye taa huvutwa hadi karibu na jiwe kabla ya kila picha ili umbali usibadilike, kisha huondolewa isije ikaonekana. Nukta ya mwanga inayong'aa juu ya gololi ndiyo inayoiambia programu taa ilikuwa upande gani. Programu huziunganisha picha zote kuwa faili moja ambalo mtazamaji hulifungua na kuizungusha taa ya kubuni kwa kipanya, akiishusha, akiipandisha na kuipeleka upande wowote anaoutaka. E iliyofichwa na taa ya kushoto hujitokeza mara tu taa inapohamia juu.

Hakuna kifaa cha ajabu hapo: kamera ya kawaida inayorekebishwa kwa mkono, stendi imara, taa, kamba, gololi na programu zinazopatikana bure. Kinachogharimu ni uvumilivu, kwa maana stendi ikitikiswa kidogo katikati ya kazi, picha zote hurudiwa.

Hata hivyo, aina ya maandishi ndiyo inayopaswa kuchagua mbinu. Vibao vya mbao vya Vindolanda, vilivyoanza kufukuliwa mwaka 1973 karibu na mpaka wa kaskazini wa dola la Kirumi nchini Uingereza, viliandikwa kwa wino wa kaboni juu ya vipande vyembamba vya mbao ambavyo vilikuwa vimekuwa vyeusi. Kilichowezesha kuvisoma ni picha za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa sababu kaboni huendelea kuonekana nyeusi katika mwanga huo huku mbao ikionekana nyepesi zaidi. Kigae kilichoandikwa kwa wino wa namna hiyo kipigwe infraredi. Jiwe lililochongwa lipigwe kwa mwanga unaohamahama. Makumbusho yanayonunua kifaa kimoja cha bei kubwa na kukitumia kwa kila kitu yatakuwa na mkusanyo wenye sura moja ambao nusu yake haisomeki.

Jambo la pili ni kupiga pande zote. Watu hupiga uso wenye maandishi na kuacha kingo, mgongo na kitako, wakati kibao cha udongo chenye mwandiko wa kikabari, yaani alama za umbo la kabari za Mesopotamia ya kale, mara nyingi huendelea kuandikwa kingoni na kumalizikia mgongoni. Jiwe la Rosetta ni mfano wa kila siku. Kila mtu anaujua uso wake wenye hiroglifi, Kidemotiki (mwandiko wa kila siku wa Misri ya kale) na Kigiriki, lakini ubavuni pia kuna maneno ya Kiingereza yaliyopakwa rangi, upande mmoja yakisema kwamba lilitwaliwa Misri na jeshi la Waingereza mwaka 1801 na upande wa pili kwamba lilitolewa na Mfalme George wa Tatu. Maneno hayo si ya kale, ila ni sehemu ya historia ya kitu hicho, na picha ya mbele haiyaonyeshi kabisa. Jiwe hilohilo lilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni basalti, kwa sababu wino wa kuchapia nakala na nta ya kulinda uso vilikuwa vimelifunika. Usafishaji wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ndio uliodhihirisha rangi yake ya kijivu na mshipa wa waridi unaopita pembeni. Kwa hiyo kadi ya rangi na rula visikosekane katika picha hata moja, na tarehe ya picha iandikwe, kwa kuwa hali ya uso wa jiwe nayo hubadilika.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kuutenganisha ushahidi na tafsiri katika maandishi yanayoambatana na picha. Wataalamu wa maandishi ya Kigiriki na Kilatini wana mfumo wa alama uliotokana na mkutano wa Leiden wa mwaka 1931. Herufi zilizopotea na kujazwa na mhariri huingia ndani ya mabano ya mraba. Vifupisho hukamilishwa ndani ya mabano ya kawaida. Herufi iliyoharibika na isiyo na uhakika huwekewa nukta chini yake. Sehemu iliyofutwa kwa makusudi zama zile huwekewa mabano ya mraba maradufu. Jiwe la kaburi la Kirumi likiwa na herufi D na M juu, mhariri huandika D(is) M(anibus), yaani "kwa roho za marehemu", na msomaji anajua papo hapo kwamba jiwe lina herufi mbili tu na zilizobaki ni za mhariri.

Tazameni sasa kinachotokea hifadhidata isipoujali mfumo huu. Chukulieni jiwe la kaburi linalotaja umri wa marehemu kwa tarakimu XXI, kisha jiwe limevunjika palepale baada ya I. Huenda marehemu alikuwa na miaka 21, na huenda tarakimu iliendelea ikawa 22, 23, 24 au hata 29. Mhariri makini ataandika XXI[---]. Mwingiza data mwenye haraka, akikutana na kisanduku kinachotaka umri kwa namba, ataandika 21, na kuanzia hapo mvunjiko wa jiwe umetoweka. Mtu atakayekusanya umri wa marehemu kutoka mawe elfu moja ili kuandika kuhusu vifo vya zama hizo hatakuwa na habari kwamba baadhi ya namba zake zimekatika.

Suluhisho lipo na linatumika. EpiDoc ni mwongozo wa kuandika maandishi ya kale kwa XML, lugha ya kompyuta inayotumia lebo, ulioanzishwa na Tom Elliott katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, na ambao sasa hutunzwa na jumuiya ya watafiti wa nchi mbalimbali. Ndani yake kila hali iliyotajwa na mfumo wa Leiden ina lebo yake, kiasi kwamba kompyuta inaweza kuulizwa itoe herufi zinazoonekana tu bila zilizojazwa. Ni kazi ya kuchosha, sikatai. Lakini ndiyo inayoifanya picha iwe kumbukumbu ya maandishi.

Karibuni tuchangie.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa mada iliyotulia. Mimi ni mpiga picha na nimefanya kazi na skana za 3D. Naona umezipita kimya, wakati taasisi nyingi ndizo zinazozikimbilia. Je, modeli ya 3D haichukui nafasi ya haya yote? Ukiwa na umbo kamili la jiwe, taa unaweza kuiweka popote ndani ya kompyuta.

#3 – Mleta uzi

Ndugu mchangiaji, swali lako ni la haki na jibu lake linategemea ukubwa wa kinachotafutwa.

Modeli ya 3D, iwe imetoka kwenye skana au kwenye fotogrametria, ambamo mtu hupiga picha nyingi zinazopishana kwa asilimia 60 hadi 80 na programu ikakokotoa umbo, haina mpinzani katika mambo kadhaa: vipimo vya jiwe zima, vitu vya mviringo kama mitungi ya udongo ambayo maandishi yake yanazunguka, na kujaribu kama vipande viwili vilivyovunjika vinaingiliana bila kuvigusa. Makumbusho ya Uingereza yaliweka modeli ya Jiwe la Rosetta mtandaoni mwaka 2017, na inafaa sana kwa anayetaka kuuona unene wa jiwe na ule mvunjiko wa juu ulioacha mistari 14 tu ya hiroglifi.

Tatizo ni kwamba mchongo uliochakaa unaweza kuwa na kina cha sehemu ndogo ya milimita, na modeli ambayo nukta zake zimeachana zaidi ya kina hicho hulainisha kila kitu. Modeli inayopendeza mbele ya wageni inaweza kuwa imeifuta mistari hasa iliyokuwa na utata. RTI haikupi umbo kamili, lakini katika uso uliokaribia kuwa bapa hutoa undani mkubwa kwa vifaa vichache. Palipo na uwezo, vifanyike vyote viwili, na modeli itazamwe pia ikiwa imevuliwa rangi, maana madoa na mabaka ya jiwe hulivuruga jicho. Uso wa kijivu mtupu mara nyingi huonyesha herufi zaidi kuliko ule wenye rangi halisi. Nawe utakubali kwamba picha ghafi zilizotengeneza modeli zina thamani kuliko modeli yenyewe, kwa kuwa programu za kesho zitatengeneza modeli bora kutokana na picha zilezile. Taasisi inayobaki na modeli na kuzitupa picha ghafi imejifungia katika uwezo wa programu ya mwaka huu.

#4 – Mchangiaji

Wakuu, mimi nafanya kazi katika stoo ya makumbusho madogo. Tuna vipande vyenye maandishi ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuyasoma, na vingine hatujui hata ni lugha gani. Haya mambo ya mabano na lebo yanamhusu aliye na mtaalamu. Sisi tusio naye tufanyeje? Tusubiri?

#5 – Mleta uzi

Msisubiri hata kidogo. Kurekodi na kusoma ni kazi mbili, na ya kwanza haihitaji ya pili itangulie. Maandishi ya Kimeroe, ya ufalme wa kale wa Kushi nchini Sudan, ni ushahidi tosha: mtaalamu Francis Llewellyn Griffith alitambua sauti za herufi zake mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali lugha yenyewe hadi leo inaeleweka kwa sehemu ndogo tu. Wanaoitafuta maana yake wanategemea nakala zilizochukuliwa na watu ambao hawakuelewa walichokuwa wanakinakili, mradi walinakili kwa uaminifu.

Kipande kisichosomeka kwenu kinaweza kuwa ndicho kinachokosekana kwa wengine. Mtungi wa Koreshi, wenye maandishi ya kikabari ya mfalme wa Uajemi, uliofukuliwa Babeli mwaka 1879 na kuhifadhiwa Makumbusho ya Uingereza, ulikuwa na pengo. Katika miaka ya 1970 kipande kilichokuwa katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Yale, ng'ambo ya bahari, kilitambuliwa kuwa sehemu yake. Utambuzi wa namna hiyo unawezekana tu kipande kikiwa kimerekodiwa mahali ambapo mgeni anaweza kukikuta.

Kwenu ningeshauri hivi. Kila kipande kiwe na namba yake ya usajili, na namba hiyo iwemo katika jina la kila faili na katika picha yenyewe, juu ya kikaratasi kilicho kando ya rula. Vipande viwili vinavyodhaniwa kuwa vya jiwe moja visipewe namba moja mpaka ithibitike. Viandikwe kuwa vinahusiana. Pimeni urefu, upana, unene na kimo cha herufi. Elezeni kingo: upi ni wa asili na upi umevunjika, kwa sababu aliye mbali hawezi kuona jambo hilo kwa urahisi, na ndilo linaloamua kama mstari umeanza au umekatika. Andikeni kipande kilifikaje kwenu, na kama haijulikani, andikeni kwamba haijulikani. Kisanduku kitupu humwacha msomaji akijiuliza kama habari haikuwepo au ilisahauliwa. Kisha wekeni lugha kuwa haijatambuliwa, kuliko kuandika jina la lugha mnayoikisia.

Kwa maandishi ya kikabari, mradi wa CDLI (Cuneiform Digital Library Initiative) unaounganisha mikusanyo ya nchi nyingi una rekodi zaidi ya 300,000, kila moja na namba yake inayoanza na P. Kwa maandishi ya zama za kale za Mediterania na Misri, tovuti ya Trismegistos hutoa namba zinazounganisha hifadhidata tofauti. Kipande kikishapata namba ya pamoja, iandikeni katika daftari lenu la usajili pia. Makala za zamani zilizokitaja kwa namba nyingine zitaweza kufuatiliwa.

#6 – Mchangiaji

Naomba kuuliza kuhusu akili bandia. Nimesikia sasa mashine inajaza herufi zilizopotea. Kama ni hivyo, kuna haja gani ya kuhangaika na mabano?

#7 – Mleta uzi

Haja imeongezeka. Mfumo wa akili bandia uitwao Ithaca, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022, ulifundishwa kwa maandishi ya Kigiriki. Katika kurejesha maandishi yaliyoharibika, mfumo peke yake ulifikia usahihi wa asilimia 62. Wanahistoria peke yao walifikia asilimia 25, na walipoutumia kama msaidizi wakafikia 72. Ni matokeo ya kuheshimika, na inafaa kuangalia kwamba namba kubwa kuliko zote ni ya mtu na mashine kwa pamoja.

Lakini mashine hujifunza kutokana na tulichoingiza. Tukiingiza maandishi ambamo herufi za jiwe na za mhariri zimechanganywa, itajifunza makisio ya wahariri wa karne ya 19 kana kwamba ni ushahidi, kisha itaturudishia makisio hayohayo yakiwa na asilimia ya uhakika mbele yake. Na mashine ikipendekeza herufi, pendekezo hilo nalo liingie ndani ya mabano ya mraba, pamoja na jina la programu, toleo lake na tarehe, sawasawa na jina la mhariri binadamu.

#8 – Mchangiaji

Na uhifadhi wa mafaili? Diski zetu zinajaa haraka.

#9 – Mleta uzi

Kwa kifupi: picha ghafi zibaki jinsi zilivyotoka kwenye kamera, nakala za TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, ziwe za kumbukumbu, na JPEG ziwe za mtandaoni tu. Kila faili lipewe alama ya uhakiki inayokokotolewa na programu, na alama hiyo ikaguliwe kila baada ya muda, kwa kuwa faili linaweza kuharibika ndani ya diski bila mtu kujua. Nakala ziwe tatu, mojawapo katika jengo lingine. Moto wa tarehe 2 Septemba 2018 uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wa Makumbusho ya Taifa ya Brazil kule Rio de Janeiro, na seva iliyo chumba cha pili haiokoi kitu katika moto wa namna ile.

Kama diski hazitoshi, punguzeni idadi ya vitu mnavyorekodi kwa mwaka, msipunguze ubora wa kila kimoja. Na kama ni lazima kuchagua vya kuanza navyo, anzeni na vinavyochakaa: mawe yaliyo uani yanayopigwa na mvua, vibao vya udongo vyenye chumvi inayochanua juu ya uso, na vile vitakavyosafirishwa kwa maonyesho. Mambo haya hayakuanza na kompyuta. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lilionekana na Mzungu kwa mara ya kwanza mwaka 1868 huko Dhiban, katika Jordan ya leo, na mwaka uliofuata likavunjwavunjwa katikati ya mgogoro wa nani alichukue. Kabla ya hapo, msomi Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alikuwa amemtuma mtu kulitolea nakala ya karatasi: karatasi iliyolowanishwa, ikagandamizwa kwenye michongo na kuachwa ikauke. Ugomvi ulizuka, karatasi ikabanduliwa kabla haijakauka na ikachanika vipande, lakini ilifika. Jiwe lililoko Louvre leo limeunganishwa kutokana na vipande vilivyookolewa, na sehemu zilizokosekana zimejazwa kwa plasta kufuatana na karatasi ile. Anayelitazama kwa makini anaweza kutofautisha jiwe la asili na plasta, kwa kuwa waliolirudishia umbo hawakujaribu kuificha tofauti hiyo.